Mkono Kati ya Kebini na Bodi

Ulianza mlango. Pikapu ya baba ilikuwa na mlango wa abiria ambao tangu nikiwa shule ya msingi ulitaka kubamizwa mara mbili ndipo ukubali kufunga, na sisi wote nyumbani tulikuwa na bega la kuubamiza. Siku ile nilipakia magunia ya pumba mjini Moshi, nikausukuma kwa kidole, ukafunga. Nilipofika nyumbani Uru ukagoma kufunguka. Nikashukia upande wa dereva, nikashusha magunia moja moja, na gunia la mwisho lilipotua chini mlango ukaachia wenyewe na kufunguka, hakuna aliyeugusa.

Mimi si fundi. Nina duka la vyakula vya mifugo, na pikapu ile niliiazima kila wiki kupandisha pumba na mashudu kwa wafugaji wa huku juu. Lakini gari ulilokulia ndani yake unalijua. Kati ya kebini na bodi ya nyuma, pale tunapobeba mizigo, kuna nafasi. Utotoni tulisimama nyuma tukishika ukingo wa kebini, na kiganja kizima kilizama humo bila kugusa popote. Nikaingiza mkono kwa juu. Vidole vikapita, vifundo vikakwama. Nikajaribu chini, ukapita mkono mpaka kwenye kiwiko. Juu pamebana, chini pameachia. Gari lilikuwa linakunjika katikati.

Nikamwita baba. Alikuja taratibu kutoka barazani na redio yake mkononi, akaangalia ile nafasi kwa mbali, kama mtu anayeangalia mbwa asiyemjua.

“Hakuna kilichopungua hapo,” akasema. “Mkono wako ndio umenenepa. Huko mjini mnakula chipsi.”

Nikacheka. Ndivyo tulivyolelewa: baba akitania unacheka kwanza, hasira unaishughulikia baadaye. Hasira ilinijia nikinawa mikono, na ilinijia yote kwa mkupuo.

Jumamosi ya wiki ile tulikuwa tunakwenda Rombo, juu kidogo ya Tarakea, kumwombea mdogo wangu mke. Kwetu mtu haendi kuomba mke mikono mitupu. Unakwenda na mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, na mbege ya kwetu alipika mama. Huku juu ukisema pombe ya mama fulani, watu wanaacha walichokuwa wanafanya. Mapipa manne yangekaa nyuma, baba akiendesha, mama pembeni yake, na baba zangu wadogo wawili wakikaa huko nyuma na mapipa kuyashikilia yasicheze. Barabara ya Rombo inashuka kwenye korongo na kupanda, inashuka na kupanda. Kama chesisi ingekatika, ingekatika na hao wote ndani.

Nilipendekeza tukodi gari. Baba akaniangalia kana kwamba nimependekeza tukodi na bwana harusi.

“Siendi kuomba mke kwa watu nikiwa nimepanda gari la kuazima,” akasema. “Wataona binti yao anakwenda kwa watu wa kuazima.”

Tulibishana mpaka mama akatoka jikoni kuuliza nani amekufa. Mwisho tukapatana hivi: Jumatano napeleka pikapu gereji, yeye anakuja kusikia kwa masikio yake. Fundi akisema gari limekwisha, tunakodi, na baba anapanda hilo la kukodi bila kununa. Akisema ni zima, sitamtajia tena lile neno.

“Neno gani?” nikauliza.

“Chesisi,” akasema, akaenda zake.

Fundi tuliyemwendea ana gereji yake Pasua, chini ya mabati mawili na mwarobaini. Ni mtu wa tumbo kubwa na maneno mengi, anayezungumza na simu hata akiwa chini ya gari. Alimwamkia baba, “Shikamoo, meku,” kama tunavyowaita wazee, akampa tairi kuukuu la kukalia. Akanyanyua pikapu kwa jeki, akaisimamisha juu ya magogo, akatandika boksi, akaingia chini na nyundo ndogo.

Chesisi ni vyuma viwili virefu, kimoja kila upande, vinavyobeba injini, kebini, bodi na kila mtu aliyemo. Fundi alianza kugonga upande wa kushoto, kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kikaitika, kikali, mpaka mwisho. Akahamia kulia. Kikaitika vilevile chini ya injini, kikaitika chini ya mguu wa dereva, kisha alipofika nyuma tu ya kebini sauti ikafa. Akagonga tena, ikatoka kama mtu anayegonga gunia. Simu yake ilikuwa inaita na kwa mara ya kwanza hakuipokea.

“Dada, njoo uone.”

Niliingia chini na gauni langu la dukani. Alikuwa anakwangua kitu cheusi, na kile kitu kilikuwa kinatoka kwa vipande. Ilikuwa lami. Chini ya lami kulikuwa na kitambaa kilichosokotwa na kushindiliwa. Akakivuta kwa koleo, akachukua bisibisi, akaisukuma. Bisibisi ikazama kwenye chuma mpaka kwenye mpini. Kutoka kwenye lile tundu, ufa ulikuwa umeanzia ukingo wa chini na kupanda juu, mwembamba, umepita nusu ya kimo cha chuma.

Lami ile niliijua. Ilikuwa ya kuzibia mabati yanayovuja, na kopo lake lilikaa stoo ya nyumbani, karibu na mashine ya kahawa. Nikatoka chini ya gari nikiwa na vumbi mpaka mdomoni.

“Baba, ulikuwa unajua.”

Baba akaangalia barabarani. Bodaboda ikapita, akaisindikiza kwa macho mpaka ikapotea.

Fundi akawasha grenda kusafisha pale palipooza. Cheche ziliporuka, harufu ikatupiga sote watatu, kali, ya uchachu, kama ndizi mbivu zilizoangukia motoni. Akazima mashine. “Hili gari lilikuwa linabeba nini hapa?”

Sikuhitaji kufikiri. Mapipa ya mama yalikaa palepale, nyuma ya kebini, miaka yote, kwa kila harusi na kila kipaimara, kwa sababu pale ndipo gari linaporuka kidogo kuliko mahali pengine. Mbege inayochachuka inapanda povu, povu linafurika, linateremka kwenye sakafu ya bodi, na sakafu ilikuwa na tundu. Na kila baada ya sherehe baba aliosha bodi kwa mpira wa maji, akisukumia machicha yote kwenye tundu lile. Alikuwa anajisifu kwamba hakuna pikapu safi kama yake Uru nzima. Juu tulikuwa tunasugua mpaka pang’ae, na chini pombe ilikuwa inakula chuma.

Nilipomweleza, fundi alicheka mpaka akakaa. Mimi sikucheka. Baba akanyanyuka kwenye tairi, akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, “Mama yako asijue.”

“Asijue nini?”

“Kwamba ni pombe yake. Akijua ataacha kupika. Nyie wote mmeondoka, ng’ombe tumepunguza, magoti yanamuuma. Kile kinachomwamsha asubuhi ni lile pipa. Akiacha atakaa tu kwenye kiti ananiangalia, na mimi nitamwangalia. Nimeona wenzangu inavyokwenda.”

Nilimhurumia na nikamkasirikia kwa wakati uleule, na ulimi wangu ukachagua hasira. “Kwa hiyo ulikuwa tayari afe njiani ili asihuzunike?”

Baba alirudi akakaa kwenye tairi lake.

Sasa nilingoja fundi aseme limekwisha, mapatano yetu yafanye kazi, nikatafute gari. Fundi hakulisema. Alijifuta mikono na kusema kitu kibaya zaidi: “Naweza kulitibu. Lakini siwezi kukuapia.” Alieleza jinsi atakavyofanya. Kwanza atatoboa tundu dogo kwenye ncha ya ufa, maana ufa ukifika kwenye tundu la duara unasimama. Atakata palipooza, atajaza, atachomelea. Halafu atavisha juu yake bamba la chuma nene, refu, lenye ncha zilizokatwa mshazari, kwa sababu bamba lililokatwa wima linahamishia ufa mwingine palepale linapoishia. Na upande wa kushoto pia ataweka bamba, ingawa ni mzima, pande zote mbili ziwe sawa.

“Na Jumamosi litakuwa tayari?” baba akauliza.

“Umeme ukiwepo, meku.”

Umeme haukudumu. Siku ya Alhamisi fundi na vijana wake walifungua bodi, wakaishusha, wakatoa tangi la mafuta na kuliweka mbali, wakainua chesisi kwa jeki katikati mpaka ikanyooka, wakavuta kamba kutoka mbele hadi nyuma kuhakikisha haijapinda. Fundi akashusha miwani yake usoni, akagusisha chuma, cheche moja ikaruka, na mtaa mzima ukanyamaza. Feni ya kinyozi wa jirani ikazunguka mara chache na kusimama. Pikapu yetu ilikuwa juu ya magogo, haina bodi, ina mfupa uliokatwa ubavuni.

Tukangoja. Jenereta ya kuazima ililetwa, ikakohoa, ikashindwa kuibeba mashine. Mchana ukapita. Nilikuwa nakaa na kusimama, kukaa na kusimama, na baba alikuwa hatikisiki, jambo lililozidi kunitia wazimu.

Ndipo mama akapiga simu. Ndizi zake zilikuwa zimeshapikwa na kuchachuka siku kadhaa kwenye mapipa, zimefika pale zilipotakiwa kufika. Kilichobaki ni uji wa ulezi. Mbege ikishatiwa ulezi haina subira. Kesho yake ni tamu, keshokutwa ni ya walevi, siku inayofuata unaimwaga. Kwa hiyo mama aliuliza swali moja tu, kwa sauti yake ya kawaida ya mtu mwenye mwiko mkononi: “Nauandaa ulezi niutie kesho, au nisitie?”

Nikaangalia chesisi. Nikisema atie, watakwenda na gari hili, hakuna litakalowazuia. Nikisema asitie, pombe inaharibika, wakwe wanangoja bure, na mdogo wangu anaanza ndoa yake kwa kuomba radhi. Nilifungua mdomo kusema asitie. Baba akanyoosha mkono, akachukua simu kutoka sikioni mwangu.

“Tia,” akasema, akakata.

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Fundi alijifanya anatafuta spana.

Umeme ulirudi Ijumaa asubuhi na fundi akaanza kabla haujabadili nia. Hakuchomelea mfululizo. Alichoma kipande kifupi, akahamia upande wa pili, akarudi, kwa sababu chuma kikipata moto upande mmoja kinavuta na kujipinda. Baba, na mgongo wake ule, alichuchumaa kando na ndoo ya maji, akifuatilia kila cheche iliyoangukia penye mafuta ya zamani. Mara mbili moto mdogo ulishika, mara mbili akaumwagia maji kabla fundi hajaona. Hatukuwa tunazungumza, mimi na yeye. Lakini nilimletea chai na akainywa.

Mabamba yote mawili yalipokuwa yamekaa, fundi alizima mashine na kusema tusiguse, kipoe chenyewe. Chuma kinapopoa kinatoa vilio vidogo. Tulisimama tukivisikiliza, kimoja, kingine. Halafu ukatoka mlio mkubwa, mkavu, kama fimbo inayovunjika. Baba alikuwa ameshika mkono wangu na sidhani kama alijua. Fundi akaingia chini na tochi, akakaa huko muda ambao ulinitosha kumzika kila mtu wa familia yetu. Akatoka na kipande cheusi kati ya vidole viwili. Lilikuwa ganda la weldi lililojibandua; chuma chenyewe kilikuwa kizima.

Jioni walirudisha bodi. Tukapanga mapipa manne ya kuazima nyuma ya kebini, tukayajaza maji, na fundi mwenyewe akaliendesha gari juu ya matuta ya Pasua, akarudi anatabasamu. Niliingiza mkono kwenye nafasi. Kiganja kikapita chote. Nikamwambia baba aingize wake, ahakikishe.

“Nimeshaona,” akasema, akageuza uso.

Jumamosi asubuhi wakati wa kupakia, mama alisimamisha kazi. Alitaka mapipa yasogezwe nyuma, yakae juu ya magurudumu. Akatandika turubai maradufu, akakunja kingo zake juu na kuzifunga, hata tone lisipite. Baba akamwambia mapipa hukaa mbele siku zote. Mama akashika kiuno.

“Mnadhani sina pua? Gari limerudi jana linanuka pombe yangu iliyoungua. Na wewe siku uliyochukua kopo la lami ukadhani niko kwenye sala za jumuiya, nilikuwa nyuma ya mgomba nakata majani. Nilisema huyu mzee atanieleza mwenyewe. Nimengoja mpaka leo.” Akageukia mapipa. “Kama ni wa kuacha ningekuwa nimeshaacha. Funga kamba hiyo vizuri.”

Baba akafunga kamba. Masikio yake yalikuwa mekundu, na yeye si mweupe kiasi hicho. Wote wawili walikuwa wanajua, kila mmoja akimlinda mwenzake na habari ambayo mwenzake alikuwa nayo, na siku zote hizo ufa ulikuwa unapanda.

Nilikataa kukaa kwenye basi dogo lililobeba ndugu wengine. Nikapanda nyuma na baba zangu wadogo, nikasimama mbele kabisa ya bodi, nikaingiza vidole vyangu kwenye ile nafasi, juu, pale panapobana kwanza. Hakukuwa na kifaa kingine cha kuniambia. Chesisi ikianza kukunjika, vidole vitajua kabla ya mtu yeyote, nami nitapiga bati la kebini baba asimame. Kama vingesagika, basi vingesagika.

Tulipofika Himo baba alisimamisha gari, akatoa kichwa dirishani. “Toa mkono huo.”

“Endesha, baba.”

Akanitazama kwenye kioo. Akaendesha, polepole kuliko nilivyowahi kumwona akiendesha, magari mengine yakitupigia honi. Tukapanda Marangu, tukaingia Rombo, korongo baada ya korongo. Kila tuliposhuka mapipa yalisukuma mbele, kila tulipopanda yalivuta nyuma, na nafasi ilibaki ileile. Jasho lilikuwa linanitiririka ingawa upepo wa kule ni wa baridi. Baba mdogo mmoja akaniuliza kama nasali. Nikamwambia ndiyo, aniache.

Baada ya Tarakea tukaacha lami na kupanda njia ya udongo iliyochimbwa na mvua. Karibu na juu kabisa gurudumu la kulia likatumbukia kwenye shimo. Gari zima likajinyonga. Kebini ikaegemea huku, bodi ikaegemea kule, na chuma kikaja kwenye vidole vyangu. Nilikiona kikija. Kiligusa kucha, kikazibana, kikakaa. Sikuweza kupiga bati, sikuweza hata kupiga kelele. Baba akakanyaga mafuta, gurudumu likatoka shimoni, na chuma kikarudi nyuma, chote, mpaka pale kilipokuwa.

Wakwe walikuwa wamejipanga mstari kwa nyimbo. Mkubwa wao alikuwa amesimama langoni kumpokea baba, kwa sababu mzee wa wageni ndiye anayetangulia, na kila mtu anangoja nyuma yake. Baba alishuka. Akavaa koti, akavaa kofia. Halafu akawageuzia mgongo wakwe, nyimbo zikiwa bado zinaendelea, akazunguka mpaka nilipokuwa, akanyoosha mkono wake mkubwa na kuuingiza kwenye nafasi kati ya kebini na bodi. Ukapita. Akaurudisha, akaupitisha tena. Mama alikuwa anatutazama kupitia kioo cha nyuma.

Baba akashika mkono wangu, akaangalia kucha zilizokuwa zimeshaanza kuwa nyeusi.

“Naona mkono wako umekonda, mama,” akasema. “Hizo chipsi umeacha lini?”

Kisha akarekebisha kofia yake, akaenda kuomba mke.